Shaba za Kilwa Zilinunua Nini

Mwezi wangu wa kwanza kwenye jumba letu la sarafu, nilitoa sadaka shaba ya sultani wa Kilwa katika kanisa la Wakongo, hapa Bellevue. Mimi ni Mwislamu. Shaba haikuwa yangu. Na sikujua nimefanya nini mpaka nilipofika nyumbani nikamwaga mkoba kitandani kutafuta ufunguo wa kabati.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana, siku mliponikatia keki ya kuniaga, mlisimama mmoja mmoja mkasema Mama Thabo hajawahi kukosea. Nikatabasamu nikala keki. Waliokuwa wanajua ukweli wamekwisha kufa au wamestaafu, nami sikuona haja ya kuwaharibia hotuba. Lakini mmeniomba niwaandikie ya kazini, na wawili kati yenu mnasoma Kiswahili, mtawatafsiria wenzenu. Basi someni, na mnaotafsiri msipunguze.

Nilikuja Johannesburg nikiwa na mume, mtoto mgongoni na cheti cha kidato cha nne. Mume wangu alikuwa Msauzi. Nilikutana naye Morogoro, wakati yeye na wenzake wanaishi kule kama wakimbizi, mimi nikiandika majina ya watu jikoni kwao. Nchi yake ilipofunguliwa alirudi, nami nikarudi naye kule ambako sikuwa nimetoka. Alifikiri nitapenda mji. Mimi ni mtu wa ndani. Hadi leo, nikivuka robot ya pili, ndizo taa za barabarani za huku, kutoka nyumbani najiona nimesafiri.

Kazi niliyopewa kwenye jumba la sarafu ilikuwa kupiga deki na kuchemsha chai. Siku ya kwanza nilipeleka chai chumba cha nyuma, nikamkuta mzee ameinama chini ya taa, ameshika mwiba. Si sindano, si kisu. Mwiba mweupe, mrefu, wa mti, na ncha yake inachokoa tope kwenye kitu kidogo cha kahawia. Huyo ndiye Ntate Moloi, yaani Mzee Moloi kwa Kisotho, aliyekuwa akisafisha sarafu zote za jumba lile. Sikutaka kumsumbua, ila jicho lilianguka kwenye trei yake, na mdomo ukatangulia.

"Hizo za kwetu," nikasema.

Akainua kichwa. "Kwenu wapi, ousie?" Ousie ni dada kwao.

"Kilwa. Kisiwani. Mvua ikinyesha zinatoka ardhini, nyuma ya nyumba. Watoto wanaokota."

Aliitazama chai, akanitazama mimi, akaweka mwiba chini. Aliniuliza kama najua Kiarabu. Nikamwambia najua kusoma juzuu, maana sijui. Akasema hata yeye ameoana na Kiingereza miaka yote hiyo na maana hajui. Kesho yake deki ilipewa mtu mwingine.

Kwa wale mlioingia juzi na bado mnakimbilia kabati la dhahabu: shaba za Kilwa ni zile ndogo za trei ya chini, ambazo wageni wanazipita wakidhani ni vifungo vilivyooza. Zina umri wa miaka mia sita, mia saba, nyingine zaidi. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno kwamba sultani huyo anamtegemea Mungu, na pande mbili zikisomwa pamoja zina vina kama ubeti. Hazikuwa pesa za kununulia meno ya ndovu. Uzito wake haulingani, nyingine nene, nyingine kama ganda la kitunguu, na nje ya pwani yetu hazipatikani ila kwa nadra. Zilikuwa pesa za mtaani, za kwenda na kurudi sokoni.

Ntate Moloi alikuwa na desturi moja ya kufundisha. Mwanafunzi hapewi lenzi mpaka kidole kijue. Alinipa shaba moja iliyolika, isiyosomeka, akaniambia niibebe mfukoni, niipapase njiani, jikoni, popote, mpaka niweze kusema upande upi una jina bila kuangalia. Nami kwa utiifu nikaitia kwenye pochi ya chenji. Siku hizo senti tano bado inatumika, nayo ni ya rangi ya shaba, na ukubwa wake ni uleule.

Jumapili hiyo jirani yangu Béa, fundi cherehani kutoka Bukavu, alikuwa anatoa shukrani kanisani baada ya kupona. Aliniomba nimsindikize. Ujirani ni ujirani, nikajifunga kitambaa nikaenda. Kapu lilipopita, Béa alikuwa ananikodolea macho aone Mwislamu atafanya nini. Nikatia mkono kwenye pochi nikatoa chenji bila kuangalia, kwa madaha, kama mtu aliyezoea.

Nyumbani nilipoona senti zimebaki na shaba haipo, nilirudi kanisani mbio, mimi nisiyekimbia. Mhazini, Papa Josué, alikuwa bado mezani na wasaidizi wake. Nikamweleza kwamba kuna sarafu yangu moja imeingia kwa bahati mbaya.

"Mama, sadaka ikishaombewa hairudiake," akasema.

"Papa, si yangu. Ni ya kazini. Nitafukuzwa."

"Ulimtolea Mungu mali ya bosi?"

Wasaidizi wakacheka mpaka mmoja akashika meza. Papa Josué akavuta kopo la maziwa ya unga lililojaa vitu walivyovikuta kwenye kapu kwa miaka: vifungo, sarafu za Zambia, kipande cha mnyororo. Akachambua, akaitoa, akaiinua kwenye dirisha.

"Njo hii? Iliandikwa nini?"

"Jina la mfalme. Na kwamba anamtegemea Mungu."

Akaigeuzageuza. "Sasa unalia nini? Ilikuwa mahali pake."

Hakunirudishia hivihivi. Alisema kurudisha ni dhambi ila kubadilisha si dhambi, basi nikabadilisha kwa noti, noti ambayo ilikuwa ya mboga za wiki. Béa alinilisha sombe, kisamvu cha kwao, siku zile, huku akiniita "Madame Sultan" mbele ya wateja wake.

Jumatatu nilikwenda kwa Ntate Moloi nimeshika shaba kiganjani na hotuba ya kuomba radhi mdomoni. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akavua miwani akaifuta, kwa sababu machozi ya kicheko yalikuwa yameifikia.

"Ousie," akasema, "hiyo sarafu jana ilikuwa kazini. Huku kwetu inalala tu."

Kisha akaniuliza swali ambalo alikuja kuniuliza maisha yake yote yaliyobaki, kila tulipopata trei mpya. "Lakini zamani, mtu akitoka nayo nyumbani, ilinunua nini?"

Hakuna anayejua. Hilo ndilo lililonifanya nibaki kwenye kazi hii kuliko mshahara, ambao tusiutaje. Watu wameandika nani alitawala na nani alimpindua. Hakuna aliyeandika kwamba shaba moja ilitosha samaki wangapi, au ilijaza kibaba cha mtama, au ilikuwa ya kununulia mafuta ya nywele tu. Ni pesa ndogo mno. Anayeandika historia hajaitumia, aliyeitumia hajaandika.

Wageni wetu wanauliza swali jingine. Wanauliza leo inauzwa kiasi gani. Mkiulizwa hivyo, wajibuni kwa adabu, halafu waulizeni la Ntate Moloi muone nyuso zao. Mara nyingi mmoja wao anakumbuka kitu ambacho bibi yake alikuwa anamtuma dukani.

Sasa vyombo. Mwiba ndio wa kwanza. Ntate Moloi alikuwa anauchuma kwenye mti mmoja uliokuwa nyuma ya maegesho ya magari, mpaka mti ulipokatwa. Mwiba ni mgumu kushinda tope na ni laini kushinda shaba, kwa hiyo ukikosea unaumia wewe, si sarafu. Chuma hakina huruma hiyo. Sasa mnaletewa vijiti vya mianzi kwenye pakiti, sawa, vinafaa, lakini havinukii kitu. Cha pili ni maji yasiyo na chumvi, na subira. Cha tatu ni brashi ya kunyolea ndevu iliyopunguzwa nywele. Cha nne ni tochi, na hapa wengi wenu mnakosea kila siku nami nimechoka kusema: usiimulike sarafu usoni kama askari anayekagua kitambulisho. Lala na mwanga. Uweke tochi pembeni, chini kabisa, karibu na meza, na herufi zilizolika zitajitupia kivuli zenyewe.

Trei iliyo juu ya ile ya shaba za Kilwa mnaijua, ile ya vipande vya fedha vya Waingereza wa kale. Msalaba ulichorwa nyuma ili mtu asipate shida kukata: nusu, robo. Muuza mkate akikosa chenji anaikata pesa yenyewe. Nilipoonyeshwa nilicheka peke yangu, kwa sababu spaza ya hapa kwetu ikikosa chenji inakupa pipi, na mwenye duka anakuangalia kama amekufadhili. Pipi huwezi kuirudisha kesho yake ukanunulia chumvi. Nimejaribu. Kijana wa dukani alisema, "Eish, mama, hiyo umeshailamba?" Sikuwa nimeilamba.

Senti tano nazo siku hizi huzioni ila zimelala barabarani, magari yanazipita. Naziokota. Mnaponicheka, chekeni.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuja kwenye kopo la tumbaku. Familia moja ya Turffontein ilikuwa inasafisha nyumba ya babu yao aliyewahi kufanya kazi pwani, ikakuta donge la kijani lenye ukubwa wa limau. Shaba za Kilwa, zimeshikana kwa kutu, hakuna anayejua ni ngapi. Madamu, mwenye jumba, alitaka tuziachanishe tuzipange kwenye kioo. Tukaliweka donge kwenye maji, tukawa tunabadilisha maji, mvua ikaja ikaenda, baridi ikaja, na kila asubuhi kabla ya chai Ntate Moloi alikuwa analigusa kwa ukucha kama mtu anayejaribu kama ugali umeiva.

Tope lilipoanza kuachia, nililala na mwanga, tochi pembeni, nikaona mistari. Midogo, inapishana juu chini, juu chini. Nikafikiri ni macho. Nikamwita. Naye akaangalia kwa lenzi, halafu kwa jicho, halafu akaketi.

Ilikuwa kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeoza karne nyingi zilizopita, lakini kutu ilikuwa imechukua alama ya nyuzi zake kabla hakijaondoka. Na upande mmoja mistari ilikusanyika, ikajikunja, ikabanana. Fundo.

Mnajua nilivyo, silii kazini. Siku ile nilikwenda chooni nikafungua bomba. Mama yangu alikuwa anafunga hela kwenye pindo la kanga yake. Ukimwomba ya dukani, analivuta pindo kutoka kiunoni, analifungua kwa meno, anachagua sarafu ndogo kuliko zote, anakupa, anafunga tena kwa kukaza. Lile fundo lilikuwa lake. Nasema lilikuwa lake na mnaruhusiwa kunicheka kwa hilo pia. Mtu wa kwetu alikwenda sokoni akiwa na pindo limefungwa, na hakufika, au hakurudi.

Madamu akauliza lini tutaachanisha. Ntate Moloi akamwambia zikiachanishwa tutapata sarafu nyingine kama tulizonazo tele, na fundo litapotea. Madamu hakuwa mtu mbaya. Alikuja akainama, nikamshikia tochi, akakaa ameinama muda mrefu. Donge liko hadi leo kama lilivyo, chini ya kioo, na wageni wanalipita.

Jioni ile nikamjibu Ntate Moloi swali lake, kadiri nilivyoweza. Nikamwambia shaba hizi nilishazitumia. Mimi na dada yangu Zainabu, watoto, nyuma ya nyumba, tulicheza duka. Yeye alikuwa mwenye duka kwa sababu ni mkubwa. Shaba moja ilinunua jani la mpapai, ambalo ni mchicha. Mbili zilinunua samaki, ambaye ni ganda la embe lililokauka. Zainabu alikuwa mkali, hapunguzi bei, na ukimpa iliyovunjika anairudisha. Jioni mama anatuita, tunazitupa hukohuko kwenye mchanga, kesho tunaokota nyingine.

Ntate Moloi alisikiliza kama anayesikiliza redio. "Basi mmoja wetu anajua," akasema.

Dada Zainabu hakuondoka Kisiwani. Yuko kwenye nyumba ya mama mpaka sasa. Mwaka ule wa fujo, watu walipoanza mtaani Alexandra kuwafukuza wageni wenye lugha kama yangu na habari ikavuka mpaka kwetu, yeye alinipigia simu akasema rudi nyumbani, chumba cha mbele nimekitoa vitu, ni chako. Mume wangu alikuwa mgonjwa, sikuweza. Ntate Moloi alikuwa ananisindikiza kila jioni hadi mlangoni, mzee wa watu na fimbo yake, na njiani alikuwa ananilazimisha ninyamaze ili yeye ndiye asikike akizungumza Kisotho kwa sauti. Fujo zikapita. Chumba kikabaki changu.

Mume wangu alipokufa, dada akasema chumba kipo. Nikasema Thabo amalize shule. Thabo akamaliza, akaoa, anaongea na watoto wake Kizulu na mimi ananiongelesha Kiingereza. Dada akasema chumba kipo. Nikasema Ntate Moloi amestaafu, nani atabadilisha maji? Ntate Moloi akarudi kwao Free State, akafia huko, na maji niliwafundisha ninyi kubadilisha, na mnabadilisha vizuri. Dada akasema kitanda amekiwekea chandarua kipya. Nikasema nikistaafu.

Na siku hizo zote, Mungu shahidi, nilikuwa naitaka Kilwa kama mwenye kiu. Nikishika shaba nasikia harufu ya mchanga uliolowa. Nilikuwa nazipanga kwenye trei na moyoni naziokota. Béa amenisikia nikiisimulia mpaka anaijua mitaa yake. Wateja wake wanadhani amewahi kufika.

Basi nimestaafu. Mkanikatia keki, mkanipa sanduku jekundu la magurudumu, zuri, asanteni. Nimelipanga. Nimelipangua nikatoa sweta. Nimelipanga tena. Tikiti niliyoinunua nimebadilisha tarehe, halafu nikabadilisha tarehe niliyoibadilisha. Mara goti, mara paka wa jirani amezoea kula kwangu, mara ni msimu wa mvua na kivuko nakiogopa. Mtu wa ndani hakosi sababu.

Jumapili iliyopita dada alipiga simu. Sauti yake imezeeka kuliko nilivyoizoea.

"Mdogo wangu, Hamisi anaoa." Hamisi ni mjukuu wake. "Hana pa kumweka mke. Nimekaa na chumba chako mpaka watu wananisema. Niambie leo."

Nikavuta pumzi nikajiona mtu mwema sana. Nikasema, "Mpe, dada. Vijana ndio wenye haja. Mimi chumba cha nini?"

Nikamsikia kuku wa kwake, au wa jirani yake.

"Nimeshampa tangu juzi," akasema. "Nilitaka kusikia utakavyojibu. Wewe utalala na mimi. Kitanda changu kinatosha, kama tulivyolala zamani, ila usinivute shuka. Sasa sema, unakuja lini?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Mtandao haukuwa unakatika. Nilikata mimi. Halafu nikatoka barazani nikalia, kwa sababu chumba kilikuwa kimekwenda, na kwa sababu kilichokuwa kinanizuia kwenda kilikuwa bado kipo. Béa alikuwa kwenye cherehani yake, anashona suti ya mtu wa harusi. Nikamweleza yote, la chumba, la kitanda, la shuka. Nikamwambia hajui uchungu wa kuitamani nchi miaka yote hii. Hakusimamisha mashine mpaka alipofika mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno, akanitazama juu ya miwani.

"Mama Thabo," akasema, "weye unapendaka kulilia Kilwa kupita kuiona."